Uamsho wa Uani

Bwana Yesu asifiwe. Kwa ndugu wa uamsho huku Bukoba ushuhuda hufunguliwa hivyo. Kisha shahidi hutaja mwaka aliookoka, mahali na aliyekuwepo, na baada ya hapo anaeleza hali ya moyo wake wiki hii. Ya mwaka ule kila mtu anayo, ameikariri. Ya wiki hii ndiyo inayomfanya mtu mzima aangalie vidole vya miguu yake.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni sare za kwaya. Anayeshona sare hulijua kanisa kwa upande ambao mchungaji haukuti kwenye taarifa ya mwaka. Najua kwaya iliyobadilisha kitambaa karibu na Krismasi kwa sababu wenzao wa mtaa wa pili wametokea na rangi ileile. Namjua mama aliyeshindwa kumalizia pesa ya gauni akaacha kuimba, na wengine wakaambiwa anaumwa. Usharika wetu ulikuwa umejaa. Ibada zilikuwa mbili kila Jumapili, na viti vya plastiki viliwekwa nje kwa wanaochelewa. Matangazo yalizidi mahubiri kwa urefu: ahadi za ujenzi, bahasha za mavuno, kamati za harusi, uzinduzi wa albamu ya kwaya. Kisha mnada nje ya kanisa, mkungu wa ndizi, jogoo, trei la mayai, na makofi kwa anayepandisha bei. Mnada mimi naupenda, kwa kuwa ni saa ambayo waumini wanacheka pamoja. Ungetupima kwa mahudhurio na sadaka, ungesema kanisa hili linawaka moto.

Kanisa la Laodikia, katika kitabu cha Ufunuo, nalo halikulaumiwa kwa kukosa watu. Lilijiona limetosheka, likaandikiwa barua kwamba ni vuguvugu. Mahubiri ya uvuguvugu nimeyasikia tangu darasa la Kipaimara, na kila mhubiri niliyemsikia aliuelekeza uvuguvugu huo kwa jirani. Wapentekoste wakisimama, sisi Walutheri ndio tuliopoa. Sisi tukisimama, wao ni kelele tupu. Hakuna aliyewahi kusoma barua ile akasema, hii imeandikwa kwa mtaa wetu, benchi la tatu kutoka mbele.

Mume wangu alikuwa fundi ujenzi. Kiharusi kilipompata, upande wa kulia ukakataa, na mapato ya nyumba yakabaki kwenye cherehani zangu mbili. Nikakopa kwenye kikoba milioni nne na laki mbili, tukajenga vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba yetu, Hamugembe. Wadhamini wangu walikuwa akina mama wawili wa kwaya moja na mimi. Kodi ya vyumba ingelipa marejesho, na hesabu ilikuwa nzuri hata mwenyekiti wa kikundi aliisifu mbele ya wanachama.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, kwenye saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika. Vipimo vilisema 5.9. Nchi zilizozoea matetemeko huenda haziogopi namba hiyo, lakini sisi tulikuwa tumejenga kwa matofali ya kuchoma na udongo, nondo hakuna. Watu 17 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo mkoa mzima ulijivunia, zilifungwa kwa jinsi majengo yalivyoharibika. Kwangu vyumba vyote vitatu vililala chini, na nyumba kubwa ikapata ufa unaopitisha mkono. Mume wangu alitolewa ndani na kijana wa jirani, akiwa ameburutwa pamoja na godoro lake. Vyumba vilianguka, deni likabaki limesimama.

Tulihamia chini ya turubai kwenye kibanja. Ujumbe wa kanisa ulifika na mchele, sukari na blanketi. Waliomba, wakapiga picha, wakaenda kwa jirani. Siwadharau, mchele ule tuliula na blanketi lile ninalo mpaka leo. Lakini hakuna kati yao aliyeniuliza swali lolote ambalo jibu lake lingemchelewesha. Jumapili iliyofuata tulikumbushwa kwamba ahadi za ujenzi wa jengo jipya ziko palepale, kwa kuwa Mungu hatikiswi. Wadhamini wangu walianza kutokea mlango wa pembeni. Baadaye kikundi kilikuja kuchukua cherehani moja kama dhamana. Walikuwa watu wanne, wote wa usharika mmoja na mimi, na kabla ya kuinua mashine walifungua kwa sala. Nami niliitikia amina. Mtu akisali nyumbani kwako utafanya nini?

Nimewasikia wengi wakieleza usingizi wa kanisa kwamba ni vijana kutokuja, au nyimbo za siku hizi, au wachungaji kupenda magari. Mimi nilichokiona kutoka chini ya turubai ni kwamba watu mia sita wanaweza kusali pamoja kila wiki bila mmoja kujua mwenzake analalaje. Wala hawakuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na zamu yake, kamati yake na sare yake, na ratiba ilijaa kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kusema, jamani, nadaiwa, sina pa kulipia, na usiku nawaza kufa. Ungesemea wapi? Kwenye matangazo?

Aliyekuja kuuliza alikuwa bibi mmoja wa Kanyigo aliyeolewa mtaa wa juu. Kanisani tulimwona kama masalia: kitambaa cheupe kichwani, hereni hana, na huimba Tukutendereza, wimbo wa ndugu wa uamsho, hata pasipotakiwa wimbo. Vijana wa kwaya walimwiga kwa kumcheka. Alikuja kwa miguu na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, akakaa kwenye jiwe, akamsalimia mume wangu kwanza, tena kwa muda mrefu, ingawa yeye maneno yalikuwa hayamtoki. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hali ya moyo wako ikoje?"

"Namshukuru Mungu, bibi."

"Hilo ni jibu la mlangoni. Mimi nimeshaingia. Unadaiwa kiasi gani?"

Nilimwambia. Hakushtuka wala hakutoa aya. Aliniuliza ni nani wanaonidai, nani kanidhamini, na kati yao nani nimeanza kumchukia. Hilo la mwisho lilinitoa machozi, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo tayari, na majina yake yalipangika kwa mfuatano. Akasema Alhamisi jioni ndugu wanakutana uani kwake, niende, na mume wangu atabaki na mjukuu wake.

Watu wengi wa rika langu wanapotamani uamsho huwaza uwanja, spika na mhubiri kutoka mbali. Kiu hiyo ni ya kweli, nisiibeze. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Niliposikia habari ile sikuweza kuwacheka marehemu kama wengine walivyofanya. Mtu hakimbilii mafuta yaliyomwagwa chini kama nyumbani kwake na kanisani kwake amekwisha kusikilizwa.

Uamsho wa Afrika Mashariki wenyewe haukuanzia uwanjani. Bibi aliujua kutoka kwa baba yake, aliyesomea ualimu Katoke, mahali ambapo moto huo ulifika mwishoni mwa miaka ya 1930 kutoka Rwanda. Alinisimulia habari za Gahini tukimenya ndizi. Gahini palikuwa na hospitali ya misheni, na mwaka 1928 hadi 1929 Rwanda ilipigwa na njaa waliyoiita Rwakayihura. Daktari wa pale, Mwingereza Joe Church, alichoka mwili na roho. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, mtu mwenye kazi nzuri ya afya. Walikaa wawili na Biblia, wakaulizana wamepungukiwa nini. Hicho ndicho chanzo ambacho vitabu vinakitaja: mzungu aliyeishiwa na mwafrika mwenye kiu, wamekaa pamoja, wakati huo wa ukoloni, wakiambiana ukweli.

Sehemu aliyoipenda bibi zaidi ni ya Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali ya Gahini. Watumishi wa hospitali walikuwa hawaaminiani, Waafrika kwa wazungu na Waafrika wenyewe kwa wenyewe. Kinuka alikwenda kwa Nsibambi kulalamika kuhusu mahali pale na wakubwa wake. Nsibambi akamsikiliza, kisha akamrudisha kwenye moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akaanza kutengeneza mambo na wenzake. Bibi akifika hapo hucheka peke yake. Alikwenda kushtaki, anasema, akarudi na kesi yake mwenyewe.

Halafu kuna Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu wa Gahini. Alikuwa amejiandaa kuiuliza sinodi ya Kanisa la Uganda kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanakaribishwa mezani pa Bwana kana kwamba hakuna neno. Januari 1936 alikufa kwa homa akiwa bado kijana. Neno lake, Zukuka, yaani Amka, ndilo lililobebwa na wenzake Uganda nzima, kisha Kenya, na huku kwetu. Viongozi wa kanisa hawakulipokea wote kwa furaha. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa kukaidi amri ya kuacha kukutana alfajiri kuomba na kuhubiriana. Ninapofikiria chuo cha wachungaji kinachofukuza watu kwa sababu ya maombi, najua usingizi tunaoulalamikia leo haukuzaliwa na simu.

Alhamisi nilikwenda. Uani palikuwa na mkeka, mabenchi mawili na watu wasiozidi kumi na wawili, wengi wao wazee. Nilitegemea maombi ya kukemea. Mzee mmoja, fundi baiskeli, alianza kwa kusema wiki hii amemdanganya mteja kwamba spea ni mpya, na jana amemrudishia tofauti. Wakaimba kidogo. Mama mwingine akasema ameshindwa kumsamehe mkwe wake na hajui aanzie wapi. Wakanyamaza naye, kisha mtu akamwuliza swali moja la maana. Zamu ikanifikia. Nikasema kiasi, nikasema kikundi, nikasema turubai linavuja upande wa mume wangu. Nilisema pia kuwa Mungu nimemkasirikia. Hakuna aliyenikatiza kumtetea Mungu.

Haya wao huyaita kutembea nuruni. Kwa mgeni yanaweza kuonekana kama umbea uliobarikiwa, na pengine palipo na watu wasiojua kunyamaza ndivyo yanavyokuwa. Pale uani kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa: unasema dhambi zako na shida zako, za mwenzako huzisemi.

Alhamisi nyingine, mvua za vuli zikiwa zimeshika, mwanamume mmoja ambaye hakuwa wa ushirika ule aliingia akabaki amesimama. Alikuwa mtu wa heshima mtaani. Alisema nyumba yake haikupata hata ufa, lakini alijiandikisha kama mwathirika, akapokea mabati na saruji ya msaada, na vitu hivyo viko chini ya kitanda na nyuma ya choo, navyo vimemnyima usingizi. Saruji ilikuwa imeanza kuganda kwa unyevu. Mtu akatabasamu, kisha wote tukacheka, naye akacheka huku analia. Ndugu hawakumwambia basi, yameisha, Yesu amesamehe. Walimwambia amesamehewa, na kesho asubuhi tunakwenda kwa aliyegawa ukaseme. Wawili walimsindikiza. Mgawaji, akishangaa nadhani kuliko siku yoyote ya kazi yake, alisema apewe mhitaji yeyote. Mabati yale yako juu ya kichwa changu ninapoandika. Fundi baiskeli na wenzake ndio waliosimamisha nguzo.

Deni halikufutwa kwa muujiza, na nikisikia shuhuda ambazo deni hufutwa kwa simu ya mtu asiyejulikana huwa nafurahi kwa niaba yao na kubaki na langu. Bibi alikwenda kwa wadhamini wangu, mmoja baada ya mwingine, kisha akatukutanisha watatu. Yule wa kwanza alisema aliogopa kunisalimia kwa sababu angelazimika kuniuliza, na angeniuliza angelazimika kutoa. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya kanisa lililolala. Tulikubaliana, tukaandika, kikundi kikakubali marejesho madogo ya muda mrefu. Cherehani ilirudi ili niweze kulipa. Jambo hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo kwa mtu yeyote mwenye akili, ila lilihitaji watu wakae chini. Mume wangu alifariki mwaka uliofuata, kabla ya deni kwisha. Usiku wa mwisho fundi baiskeli alikuwa amekaa naye, akimwimbia taratibu, nami nikapata kusinzia.

Ningependa kuishia hapo na kusema uamsho umerudi Bukoba. Lakini nilikuwa msichana wa sekondari mwaka 1994, maiti zilipoletwa na Mto Kagera hadi ziwani, na wakimbizi wakavuka Rusumo kwa malaki kuingia Ngara. Walitoka Rwanda, nchi ya Gahini, wakati wa mauaji ya kimbari. Swali hilo nilimwuliza bibi waziwazi, maana mtu akikufundisha kusema ukweli lazima naye auonje: ilikuwaje nchi iliyowasha moto huu ikafika kule? Alikaa kimya muda. Akanitajia mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, ndugu wa uamsho, aliyeuawa mwaka 1964 akiwa amewahifadhi waliokuwa wakiwindwa. Akasema walikuwepo wa namna hiyo na mwaka 1994 pia. Kisha akaongeza kwamba wengine waliendelea kuungama hasira na uongo na uzinzi, na jambo moja, la nani ni kabila gani na moyo unamwonaje, wakaliacha nje ya mlango kwa kuwa liliitwa siasa. Sijui kama hilo linatosha kuwa jibu. Yeye mwenyewe hakusema linatosha.

Uamsho nao husinzia. Uganda ndugu waligawanyika, kundi la Bazukufu likaibuka na kukataza waumini kukopa, na kuna mahali ambapo wokovu ulikuja kupimwa kwa hereni na mtindo wa nywele. Nikiwa mdaiwa, nisingefika hata mlangoni kwa hao. Bibi mwenyewe ana lake: kwa vijana ni mkali mno, na binti mmoja mwenye nywele za kusuka alikuja mara moja asirudi. Tulimwambia, Alhamisi, mbele ya wote. Alikasirika. Wiki iliyofuata alitueleza kwamba amekwenda kwa yule binti, na kwamba nywele zile kumbe huchukua saa sita kusuka, akauliza kama tulikuwa tunajua.

Huku kwetu watu wanapenda kumtaja Askofu Josiah Kibira, mwana wa Buhaya na ndugu wa uamsho, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Tunamtaja kwenye jubilei na kwenye kalenda. Ni fahari halali. Lakini heshima ile ilitoka kwa watu waliokaa kwenye mikeka wakaulizana, na mikeka ndiyo tuliyoiacha tukabaki na kalenda.

Sasa kuna jambo jipya. Ushirika wa Alhamisi umeongezeka, hasa vijana wa kwaya wenye madeni ya simu na akina mama wa vikoba, na baraza la usharika limeliona hilo. Tumeletewa barua nzuri, yenye mhuri, inayotupongeza na kutuomba tuchague mwenyekiti, katibu na mhazini, tuwe na sare, tupangiwe siku ya kuimba ibada ya pili, na tuwasilishe taarifa ya mahudhurio kila robo mwaka. Mchungaji ana nia njema, naye mwenyewe ameshakuja uani mara kadhaa na kusema mambo yake kama mtu mwingine yeyote. Fundi baiskeli anaona tukubali ili tusionekane waasi. Bibi anasema tujibu kwa heshima kwamba wahazini tunao, na madeni yao tunayajua. Kuhusu sare wamenigeukia mimi, wakitegemea nitashangilia kwa kuwa ni kazi. Nimewaambia sitashona. Barua inajadiliwa Alhamisi hii, na mchungaji amesema atakuwepo.